Ndoto Kaambiwa Tabibu

Kwenye basi letu la Thrissur, kusini mwa India, viti vya mbele ni vya wanawake, kwa hiyo yule kijana alisimama akining'inia kwenye bomba juu ya kichwa cha mkewe, na ugomvi wao ukatumwagikia sote. Walikuwa wametoka kwa tabibu wa Ayurveda, ile tiba ya jadi ya Kihindi.

"Remya, ndiyo akushike mkono muda wote ule?"

"Alikuwa anasoma mapigo. Kasema siumwi. Mwili wangu una maji na udongo mwingi, ni kama chungu kizito, huchelewa kupata joto. Mtu ambaye moyo haujamzoea, simtamani. Ndivyo nilivyoumbwa."

"Na kule kucheka? Nilikusikia nikiwa mlangoni!"

"Aliniuliza ninalalaje, ninaota nini."

"Ukamwambia ndoto zako?" Sauti ilimpanda mpaka dereva akageuka.

"Sudheesh, yule mzee hana hata jino!"

"Mimi ninayo yote, na miezi minne ya ndoa sijaambiwa hata ndoto moja!"

"Uliwahi kuuliza?"

Hata mimi, kapera nisiye na hatia, nilitazama dirishani. Mume akainama, akamshika mkono wa kulia, akambonyeza kwa vidole penye mapigo, kitabibu.

"Haya. Uliota nini?"

"Mwanamke husomwa mkono wa kushoto," alisema Remya, lakini wa kulia hakuuondoa.

Kondakta akavuta kamba ya kengele, basi likasimama. Wakashuka, mume bado kaushikilia ule mkono, nami nikabaki na wivu wangu, kwa maana ile ndoto sikuisikia.