Mfuko wa Nyuma ya Mlango

Basi la kutoka Kamenge lilikuwa limesimama kwenye kizuizi cha barabarani, askari wakikagua vitambulisho, na Herménégilde, karani aliyekaa kiti cha nyuma, hakuwa na la kufanya ila kutega sikio, kazi asiyolipwa lakini aijuayo vizuri. Mbele yake mama mmoja wa Kiarabu, mwenye duka mtaa wa Asiatique, alikuwa akimweleza jirani yake wa kiti kwamba ndege zimeanza tena kuruka, na Inshallah mwezi ujao anawapeleka watoto visiwa vya Komoro, kwa dada yake, wakaogelee tu baharini.

"Mama, na mufuko uko nao?" jirani akauliza.

"Niko nao ule wa nyuma ya mulango."

Herménégilde aliujua. Vita vilikuwa vimeipa kila nyumba mfuko wake: sufuria, unga, blanketi, tayari kwa kukimbia risasi zikianza.

"Apana! Ule ukienda Komoro, siku ya kukimbia utabeba nini?"

"Siku hiyo mi ntakuwa kule, naogelea."

"Na ukirudi?"

"Dada, ule mufuko batoto wanauogopa. Nikiushika tu, mudogo anavaa viatu. Nataka siku moja niushike, acheke."

"Basi acha hata sufuria ndani, ma chère. Kule si kuna samaki?"

"Sufuria kwenye ndege?"

Walikuwa bado wanavutana basi lilipofika sokoni. Herménégilde alishuka, na njia nzima akawa anajiuliza kama katika mfuko wake, kati ya unga na blanketi, pangeenea kaptula ya kuogelea.