Barua za Mwalimu Shuka

Kijiwe chao kilikuwa benchi moja mbele ya duka la kinyozi, likitazamana na geti la chuo cha uendeshaji wa hoteli. Geti lilikuwa na kufuli, mwaka wa nne sasa, na haikupita asubuhi bila chuo kutajwa. Wa kudumu pale walikuwa watatu: Wembe, mwenye duka la kunyoa, Gundi, fundi viatu, na Mwalimu Shuka, aliyefundisha chuoni miaka kumi na tisa namna ya kutandika kitanda cha mgeni. Kahawa ilikuwa imeshamiminwa.

— Zamani ukisema umesoma pale, meneja hakuulizi cheti, alianza Wembe. Anakupa tai, unaingia kazini. Sifa ndizo zilizokiua.

— Sifa gani? alibisha Gundi. Wenye mahoteli ndio waliokichongea kwa wakubwa. Waliona chuo kinataka kujenga hoteli yake.

— Mbona wakaguzi walichimba sakafu ya jikoni? Mkuu wa chuo alizika kitu pale.

— Walikuwa wanazibua bomba la maji machafu, Wembe.

— Ulikuwepo?

— Kwani wewe ulikuwepo?

Mwalimu Shuka alikunywa kahawa yake. Sifa za chuo alizijua zilikotoka: zilitoka kwenye ubao wa picha pale mapokezi, picha za vijana waliopelekwa kazini ng'ambo. Kila mwaka mkuu alimwomba achague wenye mikono mizuri, naye akawaandikia barua za kuwasifu. Kundi la mwisho walikuwa sita. Walipiga simu miezi miwili, kisha kimya. Wazazi walipoanza kujaa getini, mkuu akatoweka. Haya hakuwahi kuyasema kijiweni.

— Wale wa ng'ambo wamepata, wanatukwepa tu, alisema Wembe. Mmoja kaolewa na mwenye hoteli.

— Mmoja ana hoteli yake mwenyewe. Ghorofa kumi na mbili.

— Ishirini.

Mwanamke mmoja alivuka barabara, bahasha mkononi.

— Shikamooni, baba zangu. Namtafuta mwalimu aliyekuwa akifundisha vyumba.

— Marahaba, waliitikia. Gundi akamwonyesha kwa kidevu.

— Mdogo wangu alikuwa kundi la mwisho. Yule mrefu, wa mkono wa kushoto.

Mwalimu Shuka alimkumbuka mara moja. Alikuwa akikunja pembe za shuka kwa upande usio wake, na kitanda chake kikawa kimenyooka kuliko vya wenzake wote. Alimchagua yeye kwanza.

— Nimekuta nakala ya barua yako kwenye sanduku lake, alisema dada mtu. Umeandika ni mwaminifu, mchapakazi, na hoteli itakayompata ina bahati.

— Ndiyo. Mwandiko ni wangu.

— Hoteli gani, Mwalimu?

Wembe alimtazama Gundi. Gundi akainamia kiatu kilichokwisha kushonwa. Mwalimu Shuka alitoa karatasi ndani ya bahasha, akaisoma yote, akaigeuza na nyuma. Penye jina la hoteli palikuwa na mstari wa nukta. Chini yake ilikuwa sahihi yake, nzuri, haikutetereka hata kidogo.

— Niliambiwa watajaza wenyewe, alisema.

— Akina nani, Mwalimu? aliuliza dada mtu.