Nukta Nyekundu ya Mama Taratibu

Wenzangu wa studio, wa karakana na wa kule tawi dogo, hamjambo? Wale wa mafua, yamewaachia? Sisi wa dirisha la mapokezi tu wazima, tunamshukuru Mungu, ingawa wiki hii tumekuwa wanyonge kidogo. Sababu mnaijua. Tarehe thelathini mwezi huu Mama Taratibu anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutengeneza lenzi katika nyumba hii. Nimeombwa niandike habari zake kwa kuwa meza yangu na yake zinatenganishwa na kioo tu, na mengi nimeyaona nikiwa nimekaa hapo hapo.

Alianza kwa kusafisha lenzi zilizoota ukungu. Jina lake alilipata mapema, maana kila aliyeshika bisibisi karibu naye alisikia, "Taratibu, mwanangu, hicho si kifuniko cha soda." Hata meneja ameambiwa hivyo, tena mbele ya wateja, akacheka na kuilegeza mikono.

Sifa yake ya pili ni kuuliza. Mama huyu hawezi kuona kitu kinafanya kazi akakiacha kiendelee tu. Aliwahi kulifungua birika la umeme la ofisini ili ajue linajuaje kwamba maji yamechemka. Alilirudisha likiwa zima kabisa, ila tangu siku ile taa yake huwaka likizimwa na kuzimika likiwashwa. Tumelizoea. Wageni ndio hushangaa.

Sasa niwaambie habari ya lenzi moja, kwa sababu ukiijua hiyo umemjua yeye.

Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa mpiga picha wetu. Alikuwa na lenzi ya chuma, nzito kama kitasa, ya kuzungusha kwa mkono hadi sura ya mtu itulie. Alimwomba mkewe rangi ya kucha, akatia nukta nyekundu kwenye pete ya lenzi, mahali panapolingana na umbali wa kiti cha wateja. Mtu akikaa, pete ikifika kwenye nukta, kazi imekwisha. Alipofariki, lenzi ikabaki kwa Mama. Akawa anaipigia picha za familia na zetu sisi, na kila akimaliza anairudisha kwenye nukta kabla ya kuiweka. Wote tulijifunza hivyo. Ukiishika lenzi ile, iache kwenye nukta, na hakuna aliyehitaji kuambiwa sababu.

Kisha macho yake yakaanza kuchoka. Kwenye harusi ya binti yake wa mwisho alipiga picha kwa lenzi hiyo, na zilipotoka, masikio ya bibi harusi yalionekana wazi hadi hereni, lakini macho yalikuwa yamefifia. Hakulalamika. Aliifunga lenzi kwa kitambaa laini, akaitia kwenye droo. Nilipomuuliza alisema, "Imetosha, mdogo wangu. Mimi sasa ni wa bisibisi." Jioni hiyo nilimtaja kwenye sala zangu, maana niliona anachokiaga si kipande cha chuma.

Studio iliponunua kamera mpya, hizi zinazotafuta fokasi zenyewe, yaani kuituliza sura bila mkono wa mtu, Mama alizizunguka kama mtu anayenunua mbuzi. Lenzi za siku hizi zina mota ndani, kamera huziamuru na zinatii. Ya mumewe haina mota wala waya. Itatiije? Akauliza huku, akauliza kule, mpaka akajua kwamba kuna kiunganishi cha kukaa kati ya kamera na lenzi ya zamani, chenye mota yake. Hakizungushi pete. Kinaisukuma lenzi nzima mbele na kuirudisha, kama sisi watu wazima tunavyosogeza gazeti mpaka herufi zitulie. Maelezo hayo ni yake, na siku alipoyatoa alikuwa na uso ambao sikuwa nimeuona tangu harusi ile.

Kiunganishi kilipofika, niliwekwa mlangoni, mwisho kabisa wa chumba cha studio, niwe sura ya kujaribia. Mama akasimama mahali pa mpiga picha, akabonyeza. Mota ikavuma, lenzi ikaenda mbele, ikarudi, ikaenda tena, ikanyamaza. Nilikuwa ukungu mtupu. Wakakifungua kiunganishi, wakakipangusa, wakakifunga. Ikawa vile vile. Mchapaji wetu wa picha akasema, "Lenzi imezeeka, mama, haitaki shule."  Mama aliishika kamera kwa mikono miwili, na mimi kule mlangoni nikawa naomba moyoni asiirudishe ile lenzi kwenye kitambaa.

Ndipo dada wa chai akapita katikati na sinia lake. Kamera ikalia pii! Dada ametoka wazi, hadi mvuke wa vikombe.

"Kumbe inataka chai!" akasema mchapaji, na studio nzima ikaangua kicheko. Mama peke yake hakucheka. Alimwomba dada arudi nyuma kidogo, kuelekea mlangoni. Ikakubali. Arudi tena hadi penye kiti cha wateja. Ikakubali. Hatua moja nyuma ya kiti, ikakataa.

Akaitazama pete. Ilikuwa kwenye nukta, kama kawaida yetu. Mota ya kiunganishi hujua kusukuma mbele tu kutoka pale ulipoianzishia, na kusukuma mbele ni kutafuta vitu vya karibu. Sisi kwa heshima tulikuwa tumeianzishia kwenye kiti, kwa hiyo chochote kilichokuwa nyuma ya kiti haingekipata kamwe. Ilitakiwa ianzie mbali kabisa, kwenye alama ya nane iliyolala, ile ya umbali usio na mwisho.

Kuelewa hakukumchukua muda. Kuiondoa pete kwenye nukta ndiko kulikochukua. Vidole vyake vilikaa pale pale juu ya pete. Halafu akasema, kama anamwambia mtu aliye karibu, "Taratibu," akaizungusha mpaka mwisho.

Mota ikavuma mara moja tu. Picha hiyo ninayo, nimesimama mlangoni nikiwa nimekunja uso, na kope zangu zinaonekana moja moja.

Nukta haikufutwa. Mama aligundua kwamba mota nayo ina kikomo, na kitu kikiwa karibu sana, kama ua au pua ya mtoto, lazima pete isaidiwe kwa mkono. Basi huirudisha kwenye nukta, na mota huendelea kuanzia hapo alipoishia mumewe.

Mama, kiunganishi kile si cha ofisi tena. Tumekubaliana sote, kiko ndani ya boksi lako la zawadi. Ahsante kwa lenzi zetu zote na kwa kutufundisha kulegeza mikono. Mungu akutunzie afya, akupe siku nyingi za utulivu na za maswali. Tumesikia mjukuu anatarajiwa. Akishafika, weka lenzi kwenye nukta, msogelee, ututumie hiyo picha. Tafadhali usikawie kutujibu.