Mwamba, Fundi Asiyetoa Cha Juu

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu fundi wetu mkuu wa mapaa, mnayemjua kwa jina la Mwamba, anastaafu baada ya kuitumikia karakana hii miaka thelathini na mmoja.

Wasifu huu ulikuwa uandikwe na karani. Aliuandika, akanisomea. Mtamu kama uji uliomwagikiwa sukari. Alipofika pale aliposema Mwamba “alikabiliana na changamoto za kimaadili katika utafutaji wa zabuni”, nikamwambia lete hiyo kalamu. Changamoto ni mawe kwenye mchele. Yale ni wizi, na wizi una jina lake tangu kale. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini hakuna mbao iliyotoka hapa kwenda juu ya nyumba ya mtu bila kupita kwenye brashi yangu ya dawa ya mchwa, na Mwamba nimemjua akiwa bado na nywele. Nitaandika mimi. Herufi karani atanyoosha, maneno asiguse.

Mwamba alikuja kubeba mizigo. Siku fundi mmoja alipoumwa tumbo, marehemu mwenye karakana akamwambia panda wewe, na tangu hapo kumshusha ikawa kazi. Mwamba, kwa wasiojua, ni ule mti unaolala juu kabisa ya paa, pande mbili zinapokutana. Wengine wanadhani tulimpa jina hilo kwa sifa. Sifa gani? Alikuwa mrefu, mgumu, na akishakaa mahali humsogezi.

Kasoro anazo, tusidanganyane kwa kuwa anaaga. Akiwa juu ya paa anaimba, na sauti yake ni ya mlango uliokosa mafuta. Ukiacha nyundo juu ya ngazi atakutukana mpaka ukoo wako usiomjua umjue. Sikio lake la kushoto limekufa kwa kugonga bati, kwa hiyo ukimnong'oneza anageuka mwili mzima kama lori linalotafuta njia ya kutokea.

Ameezeka masoko, maghala, nyumba za ibada, madarasa. Lakini habari za Mwamba huwezi kuzisema bila kusema cha juu, maana hicho ndicho kilichompa maadui.

Mara ya kwanza kutumwa peke yake kupatana kazi, alikwenda kwenye ghala la ofisi moja. Mwenye kugawa kazi, bwana wa tai na kitambi, alimpokea vizuri, akamwagizia soda, halafu akamwambia kwa sauti ya chini, “Fundi, bei nimeikubali. Ila cha juu changu usikisahau.” Mwamba akasema, “Mzee, nitakisahau vipi? Bila cha juu utalowa.” Yule bwana akacheka, akampiga begani. Wakaachana marafiki.

Maskini ya Mungu, yeye alielewa kofia. Kile kipande cha bati kinachofunika mwamba wa paa, mafundi wa hapa wanakiita cha juu. Akaja karakana akachagua kofia nzuri kuliko zote, akaifuta vumbi, akaibeba begani mpaka pale ofisini, akaiweka juu ya meza ya bwana mkubwa, watu wamejaa. “Mzee, cha juu chako hiki hapa. Tena kipya.” Makarani wa pale walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Yule bwana akageuka rangi ya tofali. Alipomvuta pembeni na kumweleza kwa Kiswahili cha wazi ni cha juu gani anachokitaka, kile cha kutia mfukoni, Mwamba akabeba kofia yake akarudi nayo. Kazi tukanyimwa. Marehemu akamuuliza kwa nini hukumpa tu, akajibu, “Nimpe, halafu nikipunguze wapi? Kwenye misumari?”

Nyie vijana mnaoanza kwenda kupatana kazi, lisomeni hilo swali mara mbili. Cha juu hakishuki kutoka mbinguni. Ukimpa mtu, utakipunguza mahali, na mahali penyewe ni pale mwenye nyumba asipoona.

Tangu siku ile akawa na utaratibu wake. Hapatani kazi hotelini. Haendi kwa mtu nyumbani. Bei anaitaja mbele ya watu, kila kitu na bei yake. Na mtu akianza kunong'ona, anamgeuzia lile sikio la kushoto na kusema, “Sema kwa nguvu, baba, huku hakusikii.” Nimeona mabwana wakubwa wakifungua mdomo na kuufunga kama samaki wa sokoni. Wengine walitupa kazi kwa sababu hiyo hiyo, walijua hatawaibia. Wengi walitunyima. Kuna misimu tulikaa hapa tunatazamana, tunafagia maranda yaliyokwisha kufagiwa, na wake za watu wanakuja getini kuuliza kulikoni. Sitawaficha. Njaa tuliiona.

Karakana ya ng'ambo ya barabara haikuiona. Wao wanatoa. Kuna kazi ya shule moja tuliyoikosa kwa kutotoa, wao waliipata kwa kutoa. Wakaweka bati jembamba kama karatasi ya sigara, misumari wakairusharusha kama chumvi. Upepo wa mvua za kwanza ukalibandua paa. Watoto walikuwa nje wanacheza, tumshukuru Mungu. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa ndani anapanga madaftari. Mpaka leo anaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia hauinuki. Aliyekula cha juu cha paa lile amepandishwa cheo. Akipita na gari lake huwa ananipungia. Simpungii.

Sasa nije kwa haya ya juzi, ambayo karani aliyaruka kama mtu anayeruka dimbwi.

Tulishinda kazi ya kuezeka wodi ya wazazi. Msimamizi wa majengo wa hospitali akaja hapa mwenyewe. Alijua Mwamba anaondoka, kama panya anavyojua paka amezeeka, kwa hiyo hakumtafuta yeye. Alimtafuta Bosi Mdogo, mtoto wa marehemu, aliyeirithi karakana. Wakasimama nyuma ya rundo la mbao, na mimi nimeinama upande wa pili na brashi yangu. “Bosi, kazi ni yako,” akasema, “ila na sisi tuna watoto.” Watoto! Mtu akitaka kuiba humtanguliza mtoto.

Alipoondoka, Bosi Mdogo akanijia anajikuna shingo. “Bibi, hizi mbao za wodi zipake maji tu. Tia dawa kidogo ionekane rangi. Nani atapanda kuangalia?”

Nikamwambia, mjukuu wangu, mchwa watapanda. Wao hawahitaji ngazi.

Akasema, “Bibi, nisaidie, usinipe hekima.” Nikamwekea brashi miguuni, nikaenda kumwambia Mwamba, aliyekuwa anakunywa chai.

Mjue kwamba Mwamba alikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Kiinua mgongo chake chote, Bosi Mdogo alikuwa amemwambia, kingetoka kwenye malipo ya wodi hiyo. Kazi isipokuwepo, asubiri. Na kiinua mgongo hicho alikuwa na kazi nacho. Nyumba yake inavuja. Ndiyo, cheka, mimi nilishacheka. Mkewe ni fundi cherehani, mvua ikianza anaikokota cherehani kutoka pembe hii kwenda pembe ile kama mtu anayehamisha mbuzi. Kila akimsema mumewe, anajibiwa, “Nikistaafu naezeka kwangu.” Angefumba macho kidogo tu, akamaliza wodi ile, akaenda zake. Mbao zingeanza kuliwa yeye yuko nyumbani, pakavu.

Aliinua kikombe, akamaliza chai, akaenda ofisini kwa Bosi Mdogo na kuacha mlango wazi. Tukasikia sote. “Mwanangu, kama mgongo wangu utainuliwa na mbao za maji, acha nitembee nimepinda.” Bosi Mdogo akasema mzee, dunia ndivyo ilivyo. Mwamba akasema, “Basi vaa viatu, twende tukaiulize.”

Wakaenda hospitali, mpaka ofisini kwa muuguzi mkuu, msimamizi naye akaitwa. Bosi Mdogo mwenyewe alinisimulia. Mwamba alitaja bei yake: mbao, dawa, bati nzito, misumari, ujira wa mafundi. Kisha akasema, “Humu hamna cha mtu. Kama kuna anayetaka chake, aseme sasa, muuguzi mkuu anasikia.” Msimamizi akakagua dari kama aliyeambiwa kuna nyuki. Muuguzi mkuu akawashukuru. Wakarudi wakidhani wameshinda.

Baadaye tukaambiwa kazi imeahirishwa. Kisha tukaliona lori la jirani zetu wa ng'ambo likitoka limejaa mbao, nyeupe pe, hata harufu ya dawa hazina, linaelekea hospitali.

Wapo humu, nawajua kwa sura, wanaosema Mwamba katuharibia riziki akiwa mlangoni anatoka. Hamna haya. Anayewanyima riziki ni yule anayenyoosha mkono, na nyie mnamwamkia. Wajukuu zenu watazaliwa katika wodi ile. Siku moja mtakaa kwenye benchi mnangoja habari njema, huku macho yenu yako juu, mnasikiliza mbao.

Na wewe Bosi Mdogo, najua umekaa mstari wa mbele unaposomewa haya. Nimesikia umemnunulia Mwamba zawadi ya saa ya ukutani. Mtu anadai haki yake unampa saa, aangalie vizuri muda unavyopita? Mimi nilikubeba mgongoni ulipokuwa unaota meno, kwa hiyo usininunie. Baba yako alikuwa mbahili, Mungu amrehemu, lakini hakuwahi kumwambia mfanyakazi asubiri jasho lake mpaka wizi ulipe.

Mafundi tumekubaliana. Jumamosi asubuhi tunakwenda sote kwa Mwamba kubomoa lile paa bovu. Mbao nimeshazipaka dawa, mara mbili, hata zile zitakazofichwa na dari. Misumari kila fundi anakuja na yake. Bati hatuna. Bati utaleta wewe, Bosi Mdogo, na usijitangaze kuwa umetoa zawadi. Ni kiinua mgongo chake, unaanza kumlipa, na kilichobaki utakipeleka kidogo kidogo mpaka kiishe. Sisi tutakuwa tumekaa juu ya kuta, nyumba iko wazi, mawingu yanakuja, mkewe amekumbatia cherehani yake, macho yote barabarani tunakungoja wewe. Usipokuja, mtaa mzima utauliza kwa nini, na mimi nitawajibu.

Mwamba, asante kwa kututia njaa ambayo hatuionei haya. Asante kwa kila nyumba ambayo watu wake hawajui jina lako kwa sababu hawajawahi kupata sababu ya kulitafuta. Jumamosi wewe usipande. Kaa chini, kunywa chai, tukana atakayeacha nyundo juu ya ngazi.

Tunakutakia mvua nyingi na kitanda kikavu.