Kifaransa cha Kaka Yangu

Mama uliyeketi pale karibu na mlango, sogea mbele kidogo. Na ninyi wengine wa kikundi hiki kidogo cha sala mnivumilie, maana leo sina maikrofoni wala mhubiri wa kumfuata. Nimezoea kusema maneno ya mtu mwingine. Haya ya leo ni yangu mwenyewe, na bado najifunza namna ya kuyatoa.

Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa mkalimani katika kanisa moja kubwa la hapa Lubumbashi. Mhubiri anasema kwa Kifaransa, mimi ninasema nyuma yake kwa Kiswahili. Niwaeleze kidogo jinsi kazi ile inavyokwenda, kwa sababu ndimo nilimopotelea. Mkalimani husimama hatua moja nyuma ya mhubiri. Mhubiri akinyanyua mkono, naye ananyanyua. Akishusha sauti, anashusha. Akilia, mkalimani mzuri naye analia, la sivyo watu wataona mahubiri yamepoa njiani. Huna nafasi ya kujiuliza kama neno limekugusa. Ukijiuliza tu, sentensi inayofuata imekwisha kukupita. Basi unajifunza kulipokea kwa sikio na kulitoa kwa kinywa, bila kulipitisha mahali pengine.

Nililia mbele ya watu mara nyingi sana, ndugu zangu. Kisha narudi nyumbani Hewa Bora, navua koti, nalitundika, naomba chai. Mke wangu alikuwa ananiuliza, "Leo bamehubiri juu ya nini?" Mara nyingine nilishindwa kukumbuka. Tulikuwa tunacheka sote wawili.

Sasa niwarudishe nyuma. Baba yetu alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu wa kaskazini mwa Katanga, Mkatoliki wa kusali kila jioni. Alikufa nikiwa mdogo. Aliyenilea ni kaka yangu mkubwa, yaya wangu, kama tunavyosema huku kwetu. Tuliishi Kamalondo, chumba kimoja nyuma ya duka la fundi wa nguo. Shule ilikuwa inanishinda kwa sababu ya Kifaransa. Mwalimu akiuliza, mimi kimya. Basi yaya, akitoka kazini na mafuta ya mashine mikononi, alikuwa ananiketisha kizingitini na kitabu cha shule. "Sema tena," ananiambia. "Uko nafunga kinywa sana. Fungula!" Nikikosea ananicheka. Nikipatia, ananimegea muhogo wake. Kila neno la Kifaransa nililowahi kulisema mbele ya watu lilianzia pale.

Miaka ikapita. Mimi nikapata kazi ya ofisini, nikaoa, nikahama kanisa, nikapewa ukalimani. Yaya naye kazi ikamwishia. Mke wake akaondoka. Akahamia Kasungami kufyatua matofali, na akaanza kunywa lutuku, ile pombe yetu kali. Msicheke, wengine wenu harufu yake mnaijua vizuri.

Jumapili moja asubuhi alikuja kanisani kwetu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mhubiri mgeni, mtu wa kutoka mbali, suti safi, tunapitia mistari ya siku ile. Nikamwona yaya anakuja kwa miguu, shati lina vifungo vilivyopishana, kofia mkononi. Kabla hajafika, lutuku ya jana ilimtangulia. Akasema kwa furaha kabisa, "Mudogo! Nimekuya kukusikia!"

Mhubiri akaniuliza kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini, kama ninamfahamu mtu huyu.

Nami nikamjibu kwa Kifaransa: "Hapana, mtumishi. Ni mlevi tu wa mtaani."

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilijificha ndani ya Kifaransa. Nilikuwa nimezoea mno. Watu wote walionizunguka pale kanisani walingoja mimi niwafungulie maneno ya mhubiri, nami katika dakika ile nilimhesabu yaya kuwa mmoja wao. Nilisahau kabisa ni nani aliyenifundisha.

Yaya alinitazama. Akainamisha kichwa kidogo, kwa mhubiri kwanza, kisha kwangu. "Merci, monsieur," akaniambia, kwa matamshi safi kuliko yangu. Akavaa kofia yake, akageuka, akaenda. Mimi nikaingia ndani nikatafsiri saa nzima na nusu juu ya upendo wa Mungu. Watu wakasema sijawahi kutafsiri vizuri vile.

Sikumfuata. Siku ile nilisema nitakwenda kesho. Baada ya wiki nilisema atakuwa amesahau. Baada ya mwezi, nawaambieni jinsi moyo wa mtu ulivyo, nilianza kumkasirikia yeye. Kwa nini alikuja vile? Kwa nini alinitia haya? Mke wangu akiuliza, "Yaya hakuye tena?" namjibu ana kazi nyingi.

Mwaka wa pili mke wangu akaugua, akafariki. Kanisa lilikuja kwa wingi kwenye kilio. Mnajua desturi yetu, kuna wakati mkubwa wa familia anasimama kusema kwa niaba ya wafiwa. Wakauliza, "Nani atasema upande wa famille?" Watu wakageuka huku na huku. Hakuna aliyesimama. Mwishowe akasimama ndugu mmoja wa protokoli, mtu mwema, ambaye hakujua hata jina la baba yangu. Na mimi nilijua kwa nini kiti cha yaya kilikuwa kitupu. Sikuwa nimempelekea habari. Niliogopa atakuja.

Siku ya nne wakaja kuchukua viti vya plastiki, wakavipanga kwenye gari, na uwanja ukabaki wazi. Mtoto wetu wa pekee akarudi Kolwezi kwa familia yake. Nikaanza kuishi peke yangu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba mamia ya watu wanaweza kuijua sauti yako na hakuna hata mmoja anayejua kama umekula. Simu yangu ililia kila Jumamosi: "Interprète, kesho saa tatu kamili." Basi. Sikuwalaumu, nami sikuwa nimemtembelea mtu. Jioni nilifungua redio, habari za Kifaransa, na siku moja nikajikuta nazitafsiri kwa sauti, sentensi kwa sentensi, huku natazama kiti alichokuwa anakalia mke wangu. Nilifanya hivyo mpaka taarifa ikaisha. Nikazima redio, nikabaki nimesimama katikati ya nyumba.

Mwaka wa nne tukawa na wiki ya mafundisho. Mhubiri alishika neno moja tu, lile ambalo Bwana anasema kwamba ukileta sadaka yako madhabahuni na ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache pale, uende kwanza upatane naye. Siku sita, neno lile lile. Nililitafsiri kwa machozi. Ndugu yako, nenda kwa ndugu yako! Watu waliitika amina mpaka mabati yakatetemeka. Na mimi, yaya wangu hakuja kichwani hata mara moja. Najua ni vigumu kuamini. Nawaambia kama ilivyokuwa.

Jumapili iliyofuata mama mmoja alinisubiri nje. Anauza makala, yaani makaa ya kupikia, mikono yake ilikuwa bado na weusi kwenye kucha. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Tata, aksanti sana. Ile maneno yako ilinisumbua. Nilienda kwa mulamu yangu, tulikuwa hatusemezane miaka saba. Tumelia, tumekula bukari pamoja."

"Mungu asifiwe, mama," nikasema.

"Na weye, Tata, ulienda kwa nani?"

Aliuliza kama unavyomuuliza mwenzako mliyesafiri naye kama amefika salama.

"Mimi? Mimi sina ugomvi na mtu."

"Ah, iko muzuri," akasema. "Iko muzuri kuwa vile." Akaondoka anatabasamu.

Aliniamini, ndugu zangu. Hilo ndilo lililoniangusha. Yeye alilisikia neno mara moja tu, akainuka akaenda. Mimi nililibeba kinywani siku sita, na jibu langu kwake lilikuwa uongo uliotoka laini kama tafsiri. Nilikaa ndani ya gari mpaka uwanja wa kanisa ukawa mtupu. Nilijaribu kuomba. Kila sentensi iliyokuja ilikuwa ya mhubiri fulani, nami niliweza hata kumkumbuka ni yupi.

Alhamisi nikaenda Kasungami. Nilimkuta yaya anapanga matofali mabichi juani. Amekonda, nywele nyeupe zote. Aliniona, hakuacha kazi.

"Ah, Interprète. Leo uko natafsiria nani?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. "Kaka yangu mpendwa," nikaanza, "Bwana amenileta mbele yako siku ya leo..." Nikajisikia mwenyewe. Sauti inapanda na kushuka, na mkono umekwisha kunyanyuka.

"Acha," akasema. "Ile sauti haiko yako. Mupasta iko wapi? Mulete nimujibu yeye."

Nikaushusha mkono. Nilitafuta neno la kwangu, sikulipata upesi. Yeye aliendelea kupanga, tofali juu ya tofali, bila kunisaidia. Mwishowe likatoka, kwa Kiswahili tulichokulia Kamalondo.

"Yaya, nilikukana. Nilijua iko weye, na nilikukana. Nilisikia haya. Na mulamu yako, muke yangu, alikufa, sikukuambia."

Akaweka tofali chini. "Nilisikia ku soko," akasema. "Kwa muntu wa kuuzisha mboga. Mulamu yangu mwenye alikuwa ananipikiaka sombe, nasikia kifo yake ku soko."

"Ndiyo, njo vile, yaya."

"Petro alilia siku ile ile. Weye, miaka ine!"

Alinitazama viatu, akatazama koti langu. "Vula ile koti. Beba hizi, mbili mbili. Usivunje."

Nikabeba mpaka jua likapoa. Hatukukumbatiana, hatukuomba pamoja. Nilipoaga akasema tu, "Alhamisi niko hapa."

Nikarudi Alhamisi, na Alhamisi nyingine. Katikati ya hayo nilimwendea mchungaji wetu, nikamweleza yote, nikamwomba nipumzike ukalimani. Hakunisukuma nje, na hakunizuia. Simu za Jumamosi zikakoma. Wiki ya sita yaya alinipa maji ya kunawa, akaniketisha tukala bukari kwenye sahani moja. Akamaliza tonge, akauliza, "Kaburi ya mulamu iko wapi?"

Tukaenda. Alivua kofia, akasali sala ya jioni ya marehemu baba yetu, neno kwa neno, nami sikuwa nimeisikia tangu utoto. Nililia pale, na mbele yangu hapakuwa na mtu wa kumfuatisha.

Nisiwadanganye kwamba mambo yote yamenyooka. Yaya bado hunywa siku nyingine. Kanisani hajarudi, nami sijamwambia arudi. Siku sita za wiki bado ninakula peke yangu, na bado kuna jioni ninapofungua redio ili nyumba iwe na sauti. Lakini sasa kuna mahali ninapongojewa. Nilimwomba ruhusa ya kusema haya mbele yenu, akanijibu, "Semaka, lakini usiongeze."

Ninamshukuru yeye, aliyenifundisha kusema mara mbili. Ninamshukuru mama wa makala, ambaye hajui alichonifanyia. Ninamshukuru mchungaji aliyeniacha niende, na ninyi mlionipokea hapa kama mtu asiye na kazi yoyote kanisani.

Sikuja kuwaambia kwamba kuimba, kuhubiri au kutafsiri ni vibaya. Lakini kinywa kinaweza kumtumikia Mungu miaka mingi na miguu isiondoke mlangoni. Mwanafunzi wa Yesu ni yule aliyeinuka akaenda. Na kama unaona umechelewa sana, mimi nilichelewa miaka minne, na nilimkuta.

Basi chagua mtu mmoja, yule uliyemkumbuka nilipokuwa nasema. Nenda kwake wiki hii, kabla ya Jumapili. Mwambie kosa lako kwa lugha mnayoongea nyumbani, kisha nyamaza, umwache yeye aseme.