Kifungo Chekundu cha Borghild

Jumanne, tarehe kumi na tisa Novemba. Siku hiyo ndipo mambo yalipoharibika. Wasikilizaji wapendwa, Borghild, mke wangu, alitoka dukani hapa kisiwani Skarvøya, akapanda kilima, na nyumbani hakufika. Walimkuta katikati ya kilima, ameketi kwenye theluji, mfuko wa viazi mapajani. Moyo ulisimama.

Katikati ya kilima, nasema. Palepale alipoomba benchi.

Mwaka uliotangulia manispaa ilituita ukumbini. Eti njia mpya ya kupanda kilima tuipange wenyewe. Mimi sikuwaamini. Borghild alioka keki, tukanywa kahawa, tukakata kadibodi kwa pamoja kama watu wa msaragambo, tukatengeneza mfano wa kilima kizima. Mchoraji wao wa ramani, Vegard, akamuuliza, "Mama, benchi katikati la nini, na mandhari yote iko juu?"

"Wewe una miguu ya mbuzi," Borghild akamjibu. "Mimi nina goti moja na nusu. Hiyo mandhari nitaiona nikifika hai."

Watu wakacheka. Akang'oa kifungo chekundu kwenye koti lake, akakibandika kwa gundi katikati ya kilima. Hilo ndilo benchi. Tukainua mikono kukubali, wote.

Dada yake, Oddny, akamkemea. "Sasa utatembea kifua wazi?"

"Nitashona kingine siku nitakayolikalia benchi hilo."

Tukaondoka. Mlango hatukufunga. Ukumbi wetu haufungwi. Nani aibe kadibodi?

Kiangazi njia ikafunguliwa. Benchi liko juu kabisa, linatazama bahari, panaposimama mabasi ya watalii. Mwenye mabasi ni shemeji yake meya. Nasema tu.

Nikaenda manispaa. Meya akanionyesha ule mfano, sasa uko ndani ya kabati la kioo. Kifungo kiko juu kabisa.

"Mzee Arnfinn," akasema, "si mlichagua wenyewe?"

Katikati ya kilima palibaki doa la gundi. Nililiona. Yeye alitazama dirishani.

Borghild tulimzika na koti lile. "Shemeji, nishone kingine?" Oddny aliniuliza. Nikamkatalia.

Pole zangu kwa Oddny, na kwa binti yetu Sunniva. Nanyi mnaonisikiliza, siku mkiitwa tena ukumbini kutoa maoni, mkumbukeni mwanamke huyu. Halafu mtazamane usoni, mmoja mmoja, na meya awepo. Kifungo cha Borghild, nani alikibandua?