Pedali ya Mama Mwangwi

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti, tukae kitako. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja, mpiga kinanda. Majirani walimwita Mama Mwangwi. Alizikwa Jumamosi iliyopita, na msiba ulijaa. Naam, ulijaa! Wale waliokosa nafasi ya kumsikiliza akiwa hai, siku hiyo walipata nafasi ya kusimama juani na kulia. Mkinisikia nina uchungu leo, mnivumilie. Ninao kweli.

Mchana, Mama Mwangwi alikuwa mfuaji wa hospitali. Chumba cha kufulia kiko chini kabisa ya jengo. Hakina dirisha. Kuta zake ni vigae vitupu, kuanzia sakafuni mpaka darini. Mashine zinanguruma, mvuke unapanda, shuka zinatoka za moto. Lakini ikifika saa ya chakula, mashine huzimwa. Hapo ndipo yeye alipokuwa akiimba. Noti moja tu. Aaa! Kisha kimya. Sauti inagonga vigae, inazunguka chumba, inarudi, inafifia taratibu.

Mwenzake wa kukunja shuka anasimulia: "Nilimwuliza, mwenzangu, unaongea na nani humu? Akaniwekea kidole mdomoni. Akasema, sikiliza mkia wake."

Mkia, wasikilizaji wapendwa. Ile sehemu ya sauti inayobaki hewani baada ya wewe kunyamaza. Mama Mwangwi aliupenda mkia wa sauti kuliko sauti yenyewe.

Jioni alikuwa mtu mwingine. Alipiga kinanda katika bendi ya kaka yake, bendi ya kumbi za harusi. Kaka mtu ndiye kiongozi na ndiye mpiga gitaa. Wanabendi humwita Chifu. Chifu husimama mbele, taa zinammulika. Dada mtu alikuwa nyuma, karibu na pazia, na kinanda chake cha umeme kilichonunuliwa kikiwa kimeshachoka. Ukibonyeza kinalia, ukiachia kinakata. Kikavu kama mkate wa juzi.

Sasa, huyu mama alikuwa na wimbo wake. Hauna maneno. Aliutunga mle mle kwenye chumba cha kufulia, kati ya shuka na sabuni. Na duniani alitaka jambo moja: aurekodi wimbo ule mara moja tu, usikike kama ulivyosikika ndani ya vigae. Mara moja tu. Hakutaka utajiri, hakutaka picha yake ibandikwe ukutani.

Lakini vigae havibebeki. Kwa hiyo akaanza kutafuta pedali ya mwangwi. Kwa msiojua, ni kiboksi kidogo cha kukanyaga kwa mguu. Waya wa chombo unaingia upande huu, unatokea upande wa pili kwenda kwenye spika, na sauti yako inatoka kana kwamba umesimama kwenye ukumbi mkubwa. Ziko za bei ya kutisha. Ziko pia za bei nafuu, na katika hizo nafuu ndimo unamotakiwa kuwa na masikio.

Binti yake, ambaye ni fundi cherehani, alimsindikiza dukani. Anasema mama yake alibeba kinanda kizima begani, kimefungwa kwa kitenge. Muuzaji akashangaa. "Mama, gitaa la kujaribia lipo hapa." Mama akamjibu, "Mwanangu, mimi kiatu sijaribu kwa mguu wa jirani."

Muuzaji akaanza na kubwa, yenye taa zinazomeremeta. "Hii ina kila kitu, mama. Mwangwi wa pango, mwangwi wa chini ya bahari."

"Chini ya bahari? Huko kuna harusi ya nani?"

Watu dukani wakacheka. Yeye alikuwa kazini. Anabonyeza noti moja, anaachia, anafumba macho, anasubiri. Pedali ya kwanza akaikataa: "Hii inalia kama sufuria." Ya pili akaikataa: "Hii mkia wake mrefu mno, unailalia noti inayokuja nyuma." Nyingine ilikuwa nzuri kweli, ila alipotazama bei akairudisha taratibu kama mtu anayerudisha mtoto kwa mama yake. Muuzaji alikuwa ameanza kupiga miayo.

Kisha akaiona moja pembeni. Ndogo, ya kijivu, haina mbwembwe. Vitufe vitatu vya kuzungusha: urefu wa mkia, ung'avu wa sauti, na kiasi cha mwangwi. Basi. Wakaiunganisha. Ikakoroma! Krrr, krrr. Muuzaji akasema, "Si nilikwambia, mama? Nafuu ndiyo hiyo."

Mama Mwangwi hakubishana. Fundi redio wa mtaani kwao alikuwa ameshamwonya: pedali hizi zimetengenezwa kwa ajili ya gitaa, na gitaa hutoa sauti ndogo. Kinanda hutoa kubwa. Ukiifungulia yote, pedali inapaliwa. Akapunguza sauti ya kinanda mpaka nusu. Nusu tu. Akabonyeza noti yake.

"Nikamwona mama anatabasamu," anasema binti. "Aliniambia, kipo. Chumba changu kipo humu ndani."

Alipofika nyumbani akabandika kipande cha utepe mwekundu juu ya kitufe cha sauti cha kinanda, kisivuke nusu. Kisha akaacha mlango wazi akapiga. Jirani wa upande wa pili akaja na mwiko mkononi, akasimama mlangoni mpaka mboga yake ikaungua. Jina la Mama Mwangwi likaanzia hapo.

Wasikilizaji wapendwa, sasa tunafika mahali pabaya.

Chifu alipata nafasi ya kurekodi studio. Mbele ya dada yao mkubwa alitoa ahadi. "Wimbo wa mwisho ni wako, mdogo wangu. Na pedali yako tutaitumia." Nyumba ilijaa vigelegele. Siku ikafika. Mama Mwangwi akazuiliwa kazini, mashine moja imegoma na shuka za wagonjwa zimelundikana. Kaka mtu akatangulia na vyombo, akavifunga mwenyewe.

Na alivifunga kama mpiga gitaa. Mpiga gitaa hufungua kitufe cha gitaa lake mpaka mwisho, ndiyo desturi yake. Akaona utepe mwekundu. Akadhani ni uchafu, au urembo, anajua mwenyewe. Akaubandua. Akafungua kinanda mpaka mwisho. Krrr, krrr.

Mpaka hapo ni kosa, na kukosa ni kwa kila mtu. Mimi sina neno. Lakini sikilizeni yaliyofuata. Dada mkubwa alikuwapo, alipeleka chai.

Anasema mdogo wake aliingia mbio, na sare ya kazi, jasho linamtiririka. Pedali ilikuwa imeshachomolewa, imewekwa chini karibu na ndoo ya taka. Akasema, "Kaka, punguza kinanda. Kinanda tu, mpaka nusu."

"Muda wa studio unakwenda," Chifu akasema. "Rahisi huvunja upishi. Nilikwambia, hukusikia."

"Kaka, mara moja tu. Jaribu mara moja."

"Kaa chini! Usinitie aibu mbele za watu."

Akakaa. Dada mkubwa anasema alikaa kwenye kiti cha mlangoni, pedali iko mapajani, kaipakata. Na Chifu, kwa kuwa muda ulikuwa umelipiwa na wimbo ule alikuwa ameshaukariri kwa kuusikia kila siku nyumbani, akaupiga kwa gitaa lake, na pedali yake ya gharama. Wimbo wa dada yake. Akaupiga wote, mwanzo hadi mwisho, mwenye wimbo anamtazama.

Jioni hiyo hiyo, fundi sauti wa studio alimfuata Chifu. Huyu alikuja msibani, na maneno yake ni haya: "Nilimwambia, Chifu, pedali ya dada ni nzima. Kinanda ndicho kilikuwa wazi mno. Turudie kesho, sitawatoza kitu. Akanijibu, wimbo umeshatoka vizuri, yaishe."

Yaishe! Kwake yeye yaliisha.

Wimbo ukapendwa. Ukapigwa saluni, ukapigwa kwenye teksi, ukapigwa na sisi wa redio. Mtunzi: Chifu. Siku moja uliwafikia kule chini kwenye chumba cha kufulia, kwa kiredio cha mkunja shuka. Naye bila kujua akaanza kucheza. "Mwenzangu, wimbo wa kaka yako mtamu!" Mama Mwangwi akashika ncha ya shuka akampa ncha nyingine. Akasema, "Mtamu. Kunja."

Mnaniuliza, mbona hakusema? Alisema. Alisema kwa dada yao mkubwa. Na dada mkubwa leo anakiri, huku analia: "Nilimwambia, ni kaka yako huyo, ya nyumbani yaishie nyumbani. Nilidhani naijenga familia." Kikulacho ki nguoni mwako, wasikilizaji wapendwa, na mara nyingi tunakifulia na kukipigia pasi.

Akaacha bendi. Chifu akawaambia watu dada amechoka. Hakuwa amechoka. Kila sikukuu walipokutana alimkumbusha, kwa adabu ya mdogo kwa mkubwa: "Kaka, ahadi yangu." Na kaka alijibu, "Mwakani, mdogo wangu." Hata alipolazwa, kifua kimembana, alimwuliza tena. Akajibiwa, "Upone kwanza."

Binti alimwomba amrekodi kwa simu. Akakataa. "Simu inakata mkia," alisema. "Nikiurekodi hivyo, nitakuwa nimeurekodi nini?" Tumwite mkaidi? Haya, alikuwa mkaidi. Aliamini ahadi ya kaka yake mpaka pumzi ya mwisho, na huo ndio ukaidi uliomponza.

Jumamosi kaburini, Chifu alizungumza. Alivaa suti nyeusi. Alisema dada yake alikuwa nguzo ya bendi. Alisema ameondoka na pengo lisilozibika. Watu wakatikisa vichwa, wengine wakatoa leso. Fundi sauti akageuka akatazama ukuta wa makaburi.

Na jana, wasikilizaji wapendwa, Chifu alifika hapa studioni. Alileta wimbo ule. Aliomba tuupige mwishoni mwa kipindi, kumuenzi dada yake. Tukampigia simu binti, maana mwenye msiba ndiye mwenye neno. Nikamwuliza, tuupige wimbo wa mama? Nilisikia cherehani ikisimama.

Akasema, "Huo ni wa mjomba. Wa mama haupo."

Nikarudia swali, nikidhani sijaeleweka. Naye akarudia jibu. "Wa mama haupo. Haukurekodiwa popote. Nimebaki nao kichwani, na mimi sijui kupiga kinanda."

Tunatoa pole kwa binti. Pole kwa dada mkubwa, Mungu ampe moyo. Pole kwa wenzake wa chumba cha kufulia, waliokuwa wakinyamaza saa ya chakula ili wamsikie. Na pole kwako wewe kaka, kwa kuwa najua redio unayo na unasikiliza. Pole sana. Utaishi na wimbo huo.

Nasi tuliobaki, tutafakari. Nyumbani kwako yupo mtu aliyekuomba jambo dogo. Halikugharimu kitu. Lilitaka upunguze sauti yako kidogo, usubiri, usikilize. Ukamwambia mwakani. Nenda kamwulize leo, angali anakujibu.

Kipindi hiki huagana nanyi kwa muziki wa marehemu. Fundi mitambo ananitazama hapa kwenye kioo, mkono uko tayari. Lakini hana cha kupiga.